Piritoni si jibu la mwasho wa figo

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine akilalamika kwamba anawashwa, kitu cha kwanza kumfikia mkononi huwa ni piritoni. Piritoni ikishindwa inafuata setrizini. Hiyo nayo ikishindwa, anaambiwa ndizo figo zenyewe hizo, avumilie. Tabia hii si ya kwetu peke yetu. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa unaojulikana kama DOPPS, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017, wakuu wa vituo vya kusafisha damu waliulizwa ni dawa gani wanaanza nayo mgonjwa akiwashwa, na 57% walitaja dawa za aleji za kumeza. Nadhani hapo tunaanzia pasipo. Dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya zamani, haina bei ya kutisha, na madaktari wetu wanaiandika kila siku kwa wagonjwa wa kisukari wanaochomwachomwa nyayo. Inaitwa gabapentini. Swali la kujiuliza ni kwa nini haimfikii huyu wa figo, na ikimfikia, kwa nini mara nyingine inamfikia kwa dozi ya kumlaza chini.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo lenyewe. Matokeo ya DOPPS ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa 42% ya watu walio kwenye mashine walikuwa wakisumbuliwa na mwasho kuanzia kiwango cha wastani hadi cha kupindukia. Hatari ya kufa kwa kundi hilo ilikuwa juu kwa 17% kuliko kwa wenzao. Ila watafiti walipoingiza ubora wa usingizi katika hesabu, tofauti ile ya vifo haikuonekana tena wazi. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha nini kilisababisha nini, lakini unaelekeza kidole mahali pa kutazama: usiku. Mwasho huu hupenda usiku. Hukamata mgongo, mikono, kichwa, tumbo, mara nyingi pande zote mbili za mwili kwa pamoja, na hauna kipele cha kuuelezea. Ngozi mwanzoni iko safi, imepauka tu. Baadaye ndipo inapojaa mikwaruzo, madoa meusi, na kwa waliojikuna miaka mingi, vinundu vigumu ambavyo navyo huwasha.

Mtu asiyelala siku tatu mfululizo hawezi kufuata masharti ya chakula, hawezi kuhesabu vidonge, na anaanza kukataa kwenda kwenye mashine. Kuna na la kucha. Chini ya kucha za mtu anayejikuna usiku kucha wamo bakteria wa ngozi, na mgonjwa huyu ama ana mrija shingoni unaoingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu, ama ana fistula mkononi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, inayochomwa sindano kila wiki. Mwasho unapofungua ngozi karibu na hapo, tumeshatoka kwenye habari za kero na kuingia kwenye habari za maambukizi ya damu. Sizungumzii majirani wanaoyaona madoa yale na kuamua wenyewe kwamba huyu ana UKIMWI au amechezewa.

Sasa kwa nini piritoni haifai? Aliyekulia kijijini anaujua upupu, ule mmea wa kutambaa wenye maganda ya manyoya ambao watoto watundu huwamwagia wenzao. Vinyweleo vya upupu vina kimeng'enya kinachoamsha mishipa ya fahamu ya ngozi kwa njia yake chenyewe, bila kuipitia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa aleji na ambayo piritoni huizuia. Wachunguzi wa mwasho katika maabara za Ulaya na Marekani hutumia upupu huohuo kwa sababu hiyo hasa: unawapa mwasho ambao dawa za aleji haziuzuii. Mbu akikuuma, au ukitoka mabaka baada ya kula kamba, hapo histamini inahusika na piritoni inasaidia. Mwasho wa figo umeegemea upande wa upupu. Ndani yake kuna mchanganyiko wa mambo: taka za mwili ambazo mashine haizitoi vizuri, kinga ya mwili iliyo katika hali ya vita muda wote, mishipa ya fahamu iliyoharibika, ngozi iliyokauka kwa kuwa tezi za jasho na mafuta zimenywea, na kuyumba kwa kemikali za asili za mwili zinazofanana na mofini, ambazo zina milango miwili kwenye mishipa ya fahamu, mmoja unaochochea mwasho na mwingine unaoutuliza. Katika orodha yote hiyo histamini ni mpita njia.

Mtu atasema, lakini mgonjwa akimeza piritoni analala. Ni kweli analala, na hicho ndicho anachopata: usingizi wa kulewalewa unaoendelea hadi asubuhi. Kwa mzee wa miaka 70 anayeshuka kwenye kiti cha mashine presha ikiwa imeporomoka, kulewalewa huko ni mwaliko wa kuanguka. Halafu piritoni inakausha mdomo. Huyu ni mtu aliyeambiwa asizidishe maji, kwa wengi lita moja hivi kwa siku, vyakula vyenye maji vikiwemo. Tunampa kidonge cha kumkausha mdomo, anapata kiu, anakunywa, anarudi kwenye mashine na kilo nne za ziada, kisha tunamgombeza kwa kukosa nidhamu. Nikiri kwamba jambo hili huniudhi kuliko mengine yote katika mada hii, kwa sababu hakuna anayeliunganisha. Setrizini nayo hutolewa mwilini na figo, figo ambazo hazipo, hivyo hata dozi ya kawaida ya mtu mzima inamzidi.

Kabla ya dawa yoyote, lakini, kuna tatizo la kuuliza. Katika matokeo yale ya 2017, 17% ya wagonjwa waliokuwa wakiwashwa karibu muda wote hawakuwa wamemwambia mhudumu yeyote. Na 69% ya wakuu wa vituo walidhani tatizo ni dogo kuliko lilivyo katika vituo vyao wenyewe. Hizo nyingi ni nchi tajiri, zenye faili za kompyuta na wauguzi wa kutosha. Hapa kwetu ongeza adabu. Muuguzi kijana anamwamkia mgonjwa, "Shikamoo mzee, umeamkaje?" Mzee anajibu, "Marahaba mwanangu, salama, tunamshukuru Mungu." Mazungumzo yameisha na mashine imewashwa. Mzee huyo amekesha akijikuna kwa kitana, lakini salamu zetu hazina nafasi ya kulalamika, na ngozi kuwasha inaonekana ni jambo dogo la kumsumbulia mtu mwenye kazi ya kuokoa maisha. Wengine wanaamini kabisa kwamba kuwashwa ni dalili ya uchafu wa damu kutoka, hivyo wanausubiri uishe.

Dawa ya hilo ni namba. Tafiti nyingi nzuri za mwasho hutumia swali moja: katika saa 24 zilizopita, mwasho ulipozidi kabisa ulifika ngapi, kutoka 0 hadi 10? Swali hilo halihitaji kipimo wala umeme, na mtu anayeona haya kulalamika hana haya kutaja namba. Karatasi ya mgonjwa kwenye mashine tayari ina safu ya uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, presha na mapigo ya moyo. Safu moja ya mwasho ingeingia bila kubomoa kitu. Bila namba hiyo hata dawa nzuri haitaonekana kama imefanya kazi au la, na daktari ataendelea kuandika kwa kubahatisha.

Inayofuata ni mashine yenyewe. Kipimo kilichozoeleka duniani ni kusafishwa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Mara mbili kwa wiki hukubalika kwa mtu ambaye figo zake bado zinatoa mkojo wa maana. Kenya, kwa miaka mingi bima ya afya ya taifa, NHIF, ililipia mara mbili kwa wiki, shilingi 9,500 kila mara, kabla ya mamlaka mpya ya SHA kushika nafasi yake Oktoba 2024. Tanzania asiye na bima anakwenda pale ukoo unapochangishana, na ukoo ukichoka anaruka. Katika hali hiyo kuzungumzia krimu ya ngozi bila kuzungumzia saa za mashine ni kujidanganya. Mgonjwa anayewashwa sana astahili kwanza kuangaliwa kama muda wake unakatwa, kama mrija wake unapitisha damu vizuri, kama fistula imeziba nusu. Wapo wanaoomba kushuka saa moja kabla kwa sababu daladala za usiku ni shida, na muuguzi mwenye foleni hakatai.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Dagaa, supu ya mifupa, maharage, maziwa na soda nyeusi vina madini mengi ya fosfeti, na fosfeti ikijaa katika damu inaharibu mifupa na mishipa, hilo halina ubishi. Lakini uhusiano wake na mwasho si mkubwa kama tulivyozoea kuambiwa. Tafiti zimetofautiana sana. Kwa hiyo mgonjwa apewe dawa za kuzuia fosfeti, azimeze katikati ya mlo na si wakati wa kulala, tezi za parathairoidi, zile ndogo za shingoni zinazosimamia madini ya mifupa, zipimwe, upungufu wa madini ya chuma utibiwe, na hapo tuache kumwambia kwamba anawashwa kwa sababu alionja dagaa Jumapili.

Ngozi, kwa upande mwingine, imedharauliwa kupita kiasi. Karibu kila mtu aliye kwenye mashine ana ngozi kavu, na sisi tunaikausha zaidi: maji ya moto, dodoki, sabuni ya mche ya kufulia, sabuni za dawa zenye harufu ya hospitali, kwa imani kwamba kinachowasha kinasuguliwa kikatoka. Inatakiwa iwe kinyume. Maji ya uvuguvugu, muda mfupi, sabuni laini mahali pa lazima tu, na mafuta yapakwe ngozi ingali na unyevu, mara mbili kwa siku, kila siku, hata usiku ambao hauwashi. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha. Mchanganyiko wa glisirini na parafini umepimwa kwa wagonjwa wa figo na kuonyesha nafuu. Hapa Tanzania tuna faida ambayo hatuitumii: kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi cha RDTC pale KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kufundisha wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Pale ndipo inapotengenezwa krimu ya Kilisun ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Mahali panapoweza kutengeneza krimu ngumu kama ile na kuifikisha vijijini pangeweza pia kutengeneza mafuta ya ndoo kwa ajili ya vituo vya kusafisha damu. Ni suala la mtu wa figo kumpigia simu mtu wa ngozi.

Pengo hilo lisipozibwa, anayelijaza ni muuza vipodozi. Mgonjwa anayewashwa hununua tyubu yenye steroidi kali kwa sababu inatuliza kwa siku chache, anaipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na inachanika. Mbaya zaidi ni krimu za kujichubua zenye zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya watu wazima waliovimba kwa ugonjwa wa figo kuvuja protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki hiyohiyo bado inakamatwa mipakani.

Turudi kwenye gabapentini. Mwaka 2004 madaktari wa Uturuki waliwapa wagonjwa 25 wa mashine, kwa zamu, gabapentini na kapsuli tupu, bila mgonjwa kujua ni ipi. Mwasho wao ulianzia wastani wa 8.4 kwa kumi. Kapsuli tupu iliushusha hadi 7.6, gabapentini hadi 1.2. Ni utafiti mdogo, lakini ulifuatwa na mingine, na mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tiba, walipokusanya tafiti 92 za tiba za mwasho wa figo, gabapentini na nduguye pregabalini ndizo zilizotoka na nafuu kubwa zaidi na ushahidi wa uhakika zaidi. Ondansetroni, iliyowahi kusifiwa sana, ilionekana haina msaada wa maana.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Gabapentini inatolewa mwilini na figo peke yake. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya dawa hutoka ndani ya saa 5 hadi 7. Kwa mtu asiye na figo, siku ambazo hayuko kwenye mashine, nusu hiyo huchukua saa 132, yaani zaidi ya siku tano. Akiwa kwenye mashine, saa zisizofika nne. Kutokana na hesabu hiyo utaona mambo mawili. Dawa imezwe baada ya kusafishwa, kwa sababu ikimezwa kabla inaishia kwenye ndoo ya maji machafu. Na mgonjwa akiandikiwa kapsuli ya miligramu 300 mara tatu kwa siku, kama wanavyoandikiwa wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, ndani ya wiki atakuwa anayumba, anarusharusha mikono, anaongea maneno yasiyounganika, na familia itadhani amepata kiharusi. Nimewasikia wauguzi wakisema dawa hii "ni hatari kwa wa figo". Hatari iko kwenye dozi. Miligramu 100 baada ya kila kikao ni mwanzo wenye busara, na wengi hawahitaji kuvuka 300. Tafiti nyingi zilifanywa kwa watu wa vikao vitatu kwa wiki. Wetu wa vikao viwili wanakaa na dawa muda mrefu zaidi, kwa hiyo wapandishwe taratibu zaidi. Isichanganywe na piritoni, tramado wala diazepamu, maana hapo usingizi unaweza kugusa hata pumzi.

Na je, hakuna dawa mpya ya mwasho huu? Ipo. Difelikefalini huamsha ule mlango wa kutuliza mwasho bila kuingia sana kwenye ubongo, na huchomwa kwenye mrija wa mashine mwisho wa kikao. Marekani waliiidhinisha Agosti 2021, Ulaya mwaka 2022, na Uingereza taasisi ya NICE, inayoshauri ni tiba zipi zitumike katika huduma ya afya ya umma, iliipendekeza mwaka 2023. Wajapani walikuwa na kidonge cha ukoo huohuo, nalfurafini, tangu 2009. Katika jaribio kuu la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 378, karibu nusu ya waliochomwa difelikefalini walishuka namba tatu au zaidi katika wiki 12. Waliochomwa maji matupu walioshuka hivyo walikuwa zaidi kidogo ya robo. Dawa inafanya kazi, sibishi. Ila hiyo robo inanivutia: watu waliodungwa maji na kuulizwa kila siku mwasho umefika ngapi. Sehemu yake ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa ugonjwa, sehemu yake pengine ni kuulizwa.

Kwa bei yake, sioni difelikefalini ikiingia kwenye vifurushi vyetu vya bima karibuni, na sidhani iwe ndiyo vita ya kwanza ya kupigana. Hata Marekani matumizi yake yalitegemea malipo maalumu ya serikali yaliyodumu kuanzia Aprili 2022 hadi Machi 2024. Bima zetu zikipata fedha mpya, mimi ningezipeleka kwenye kikao cha tatu cha wiki.

Kuna wagonjwa ambao mwasho wao si wa figo, na hili linasahaulika mara mtu akishapewa jina la mgonjwa wa figo. Mke na watoto nao wakijikuna, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa kuambukizana, na dawa ya kupaka ya BBE au ivermektini kwa nyumba nzima itamaliza kazi ambayo gabapentini isingeiweza. Vipele vya VVU, homa ya ini, kisukari kisichodhibitiwa, dawa mpya iliyoanzishwa mwezi uliopita, vyote viangaliwe. Mwasho unaoanza ghafla dakika chache baada ya kuunganishwa na mashine, na pumzi ikabana, ni aleji ya kweli ya chujio au ya dawa, na hapo ndipo zile dawa za aleji zinapostahili kutoka kabatini haraka.

Kwa ndugu anayemsindikiza mgonjwa kliniki, maswali ya kumuuliza daktari ni machache. Dawa hii inamezwa kabla au baada ya mashine? Dozi imepimwa kwa mtu asiye na figo? Vile vidonge vya aleji vya zamani viachwe? Kisha nyumbani, wiki mbili za kwanza, amwangalie anavyotembea asubuhi. Akianza kuyumba au kusinzia mezani, asimpe dozi inayofuata. Apige simu kituoni kwanza. Na kama wiki nne zimepita namba haijashuka, aseme hivyohivyo, kwa namba, ili dawa ipandishwe au ibadilishwe badala ya kuachwa ijimalizie yenyewe.